Mpira jioni, makaburi asubuhi

Mpaka wa Kasindi utakula saa yako moja kabla hujatoa pasipoti mfukoni. Upande wetu wa mto Lubiriha ikiwa saa mbili asubuhi, ng'ambo, Mpondwe, tayari ni saa tatu. Magari nayo yanahama mkono: kwetu yanashika kuume, Uganda yanashika kushoto. Nimewaona wafanyabiashara wazito wa Butembo, watu waliokwisha kufika Dubai na Guangzhou, wakivuka barabara pale Mpondwe huku wametazama upande usio sahihi, boda boda ikiwapita kwenye ncha za viatu. Basi anza na mambo hayo mawili: sogeza saa mbele, na utazame kuume kabla ya kukanyaga lami.

Nimemwandikia shabiki wa Butembo na Beni anayetaka kuwaona Leopards, timu yetu ya taifa, kwa macho yake. Januari 2026 wengi wetu tulikuwa kwenye viti vya plastiki, jenereta ikinguruma nje, tukimtazama shabiki mwenzetu Michel Kuka Mboladinga kule Rabat amesimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu kama sanamu ya Lumumba, mpaka Algeria wakatufunga bao moja katika muda wa nyongeza. Rabat ni mbali, na nauli yake ni mtaji wa duka. Lakini Kombe la Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Huko tunafika kwa basi. Leopards wasipofuzu, basi nenda ukawatazame waliofuzu. Bao ni bao.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mashindano yana siku nyingi za kukaa bure. Kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025, Leopards walicheza Nairobi tarehe 3, 7, 14 na 17. Kati ya mechi ya pili na ya tatu ilipita wiki nzima. Wenzangu waliimaliza wiki hiyo kitandani na kwenye simu. Mimi niliitumia kutafuta mahali ambapo vita vya zamani vimeacha alama, na nikagundua kwamba katika karibu kila mji wenye uwanja mkubwa huku Afrika Mashariki, alama hiyo haiko mbali na uwanja, na mara nyingi Kongo imo ndani yake.

Kwanza ufike

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Kutoka Beni hadi Kasindi ni kama 80, na hizo ndizo zenye maneno. Barabara inapita hifadhi ya Virunga na kuvuka mto Semliki, na waasi wa ADF wameishambulia mara nyingi. Usisafiri usiku. Dereva akikuambia mtaingia Kasindi saa mbili usiku na hakuna shida, shuka, ulale Beni. Asubuhi kabla ya kuondoka, uliza watu wawili waliotoka huko jana, na wasiwe wenye magari yanayotafuta abiria.

Njia ya kusini isahau kwa sasa. Mwaka 2016, Leopards walipochukua CHAN mjini Kigali kwa kuwafunga Mali 3–0, kupitia Goma lilikuwa jambo la kawaida. Tangu waasi wa M23 waichukue Goma Januari 2025, mstari wa mapigano uko Lubero na ofisi za jimbo zimehamia Beni. Mlango wetu ni Kasindi.

Chukua pasipoti. Ile karatasi ya kuvukia sokoni inakufikisha Bwera kununua bidhaa na kurudi; Kampala haikufikishi, na askari wa kizuizi cha kwanza atakuambia hivyo bila tabasamu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Uganda, Kenya na Tanzania zimekwisha kuwaondolea Wakongomani viza, lakini pita ofisi ya uhamiaji, DGM, wiki moja kabla uulize, kwa sababu fomu za mtandaoni hubadilika haraka kuliko sheria. Beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, ile halisi. Pale mpakani utanawa mikono na kupimwa joto. Usibishane. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, wengi wao Beni, Butembo, Katwa na Mabalako, na majirani zetu hawajasahau, kama sisi tusivyosahau.

Fedha: kwetu noti ya dola ikichanika kidogo pembeni haipokelewi. Uganda wao wanatazama mwaka. Dola ya zamani watakukatia au wataikataa, na noti ndogo wanazinunua kwa bei ya chini kuliko mia. Kwa hiyo beba mia mpya chache, ubadilishe kiasi cha nauli tu Kasindi, kilichobaki ukibadilishe mjini.

Kifaransa kiache nyumbani. Kinande kitakubeba mpaka Kasese bila taabu, maana Wakonzo na sisi ni watu wa lugha moja iliyokatwa katikati na mpaka. Ukisema "wasingya" kwa mama muuza chapati wa Bwera, atakuuliza wewe ni wa ukoo gani kabla hajakuuliza unatoka nchi gani. Ukishapita Fort Portal, Kiswahili kinakusaidia kwa madereva, askari na wachuuzi. Kikuubo pale Kampala sina haja ya kukufundisha. Nusu ya maduka ya Butembo yamejazwa kutoka uchochoro ule.

Tiketi

Hapa nilipigwa, kwa hiyo nisikilize. Siku ya mechi ya Moroko, Agosti 17, uwanja wa Nyayo, kijana mmoja aliyevaa koti la njano kama la wasimamizi aliniuzia tiketi ya karatasi. Ilikuwa na nembo, ilikuwa na namba ya kiti, ilinukia wino mpya. Getini mlinzi hakuisoma hata. Aliniuliza simu. Tiketi halali zilikuwa za simu, zenye mraba wa kuchanganua kwa mashine, na mimi nilikuwa na karatasi nzuri ya kufungia karanga. Nilisikiliza mabao matatu ya Moroko na moja letu nikiwa nje ya ukuta, nikihesabu kelele.

Nunua mapema, kwa tovuti au programu iliyotangazwa na waandaaji, na uipige picha tiketi kwenye simu usiku wa kabla ya mechi, kwa sababu karibu na uwanja mtandao hulemewa. Laini ya simu ya nchi unayoingia isajiliwe kwa pasipoti yako mwenyewe. Fika uwanjani saa tatu kabla ya mechi kuanza. Kwenye uwanja wa Kasarani, Nairobi, baada ya umati kuvamia mageti katika mechi za Kenya, CAF ilipunguza mashabiki hadi 27,000, na wenye tiketi waliochelewa walijikuta wakigombana na wasio nazo. Mechi ya kwanza pale, Agosti 3, Kenya ilitufunga 1–0. Waliovaa jezi za Leopards walirudi mjini salama, wakitaniwa tu. Usiogope kuvaa jezi.

Ila usivae kombati. Nchini Uganda raia akivaa nguo yenye madoa ya kijeshi anakamatwa, hata kama ni kofia ya mtumba. Madoa ya chui yana rangi ya chui; yaonyeshe hivyo. Na usipige picha daraja, kizuizi, wala askari. Hilo unalijua tangu nyumbani.

Hoima, uwanja wa karibu

Watu wakisikia mechi iko Uganda wanafikiria Kampala na Namboole. Namboole ni uwanja mzuri, uko nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Jinja. Lakini kwa mtu wa Beni, ratiba ikileta mechi Hoima, shukuru. Uwanja wa Hoima ni mpya, wa watu kama 20,000, uliojengwa kwa ajili ya kombe hili, na unafika bila kuigusa Kampala: Mpondwe, Kasese, Fort Portal, Kyenjojo, kisha unakata kaskazini. Njiani, kabla ya kuingia barabara kuu ya Kasese, kuna njia ya Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Chumvi ile ilisafiri mpaka kwetu vizazi vingi, na ilipiganiwa. Mwingereza Lugard alijenga ngome pale mwaka 1891 ili kuishika. Usisimame kama una haraka.

Hoima simama. Nje ya mji, barabara ya Masindi, pana Mparo, kaburi la Mukama Kabalega wa Bunyoro. Waingereza waliivamia nchi yake mwishoni mwa 1893, naye akapigana nao miaka mitano na zaidi, akihama porini na jeshi lake la barusura. Walimkamata Aprili 1899 kule Lango, pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, akiwa na jeraha la risasi lililomfanya akatwe mkono. Wakampeleka Shelisheli. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla ya kufika kwake. Kwa hiyo aliyelala Mparo ni mtu aliyerudi nyumbani akiwa maiti baada ya miaka 24.

Nyumba ya kaburi ni ya nyasi, na ndani ni giza mpaka macho yazoee. Jiandae kuvua viatu. Ongea taratibu, wale wanaolinda hapo ni walinzi wa kaburi la mfalme wao, hawako dukani. Nje, uliza walipokutana Kabalega na Emin Pasha mwaka 1877. Kwa mgeni wa kawaida hilo ni jiwe tu. Kwako lina mkia mrefu: ni Emin huyo huyo aliyemfanya Stanley aupasue msitu wa Ituri miaka kumi baadaye akienda kumwokoa, wapagazi wakifa kwa njaa njiani, na mwaka 1889 wote wakashuka pamoja bonde la Semliki chini ya Ruwenzori. Yaani bonde lile ulilolivuka kwa gari asubuhi ya kwanza ukiwa na wasiwasi wa ADF.

Ukibakiwa na saa moja, pana Katasiha, ngome ya Waingereza ya mwaka 1894. Kilichobaki ni handaki na majani. Mimi niliipenda, rafiki yangu alisema tumelipia shimo.

Kampala: nenda Lubiri, iache Entebbe

Uvamizi wa Waisraeli wa Julai 4, 1976 kila mtu anaujua kwa filamu, na kila mtu akifika anataka kwenda Entebbe kuona jengo la zamani la uwanja wa ndege. Jengo liko ndani ya eneo la ulinzi. Utalipa boda, utafukuzwa, utarudi.

Nauli hiyo ipeleke Mengo, kwenye Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Kuna kiingilio na mtu wa kukuongoza. Atakuonyesha kasri kwa nje, kisha atakuteremsha hadi kwenye seli za saruji zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, mahali ambapo askari wa Idi Amin waliwafungia watu. Hakuna taa. Unasimama kwenye korido yenye unyevu, vyumba visivyo na dirisha upande mmoja, na kiongozi anashusha sauti hata kama ameyasema hayo mara mia. Watoto wadogo waache hotelini.

Lakini mtu wa Butembo aulize zaidi, aulize kuhusu mwaka 1966. Wakati wa vita vya Simba, vile wazee wetu wanavyovikumbuka vya 1964, serikali ya Obote nchini Uganda ilikuwa ikiwasaidia waasi wa Kongo, na dhahabu na pembe za ndovu zikavuka kuja Uganda kupitia mikononi mwa Amin, aliyekuwa ofisa mkubwa jeshini. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akataka fedha za Amin benki zichunguzwe. Obote akajibu kwa kuwakamata mawaziri watano na kuiweka kando katiba. Mei 24, jeshi likiongozwa na Amin likaishambulia Lubiri hiyo unayoikanyaga. Kabaka Mutesa wa Pili akaruka ukuta na kukimbia, akafia London mwaka 1969. Dhahabu ya kwetu imewahi kuvunja ufalme wa watu wengine. Niliposema hivyo, kiongozi wetu, kijana wa Kiganda, alinitazama kidogo akaniuliza: "Na bado inakuja, mzee?" Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya wageni.

Nairobi na mbele yake

Kampala hadi Nairobi ni basi la usiku, kilomita kama 650. Chukua sweta. Nairobi ina baridi inayomshangaza hata mtu wa Butembo, na hilo ni kusema.

Kuna soko linaitwa Kariokor. Jina limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Katikati ya mji, kwenye barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu tatu za shaba za mwaka 1928, za askari na wapagazi Waafrika wa vita hivyo. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia. Soma pande zote: hakuna jina la mtu hata moja.

Siku inayofuata panda matatu ya barabara ya Ngong hadi makaburi ya Vita vya Pili vya Dunia. Pale nyasi zimekatwa kama kiwanja, mawe yamepangwa mistari, na kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe, mengi na umri pia. Nilikuwa nimeenda kupunga upepo. Nikajikuta nasoma umri. Kumi na tisa. Ishirini na mbili.

Na wapagazi wetu? Kongo ya Wabelgiji ilichukua wapagazi zaidi ya 200,000 katika Vita vya Kwanza, wengi wakibebeshwa risasi na chakula cha askari walioiteka Tabora Septemba 19, 1916. Wanaume wa Kivu walikuwamo. Ukienda Dar es Salaam kwa mechi ya uwanja wa Mkapa, shuka Kariakoo: Yanga na Simba zote zina makao yao mtaa huo, na Wakongomani kama Fiston Mayele na Henock Inonga wamepigiwa makofi huko. Wachezaji wetu wanajulikana kwa majina hadi kwa wauza machungwa. Wapagazi wetu waliopita nchi hiyo hiyo na mizigo kichwani hawajulikani hata kwa vijiji vyao.

Nilipoonyesha picha za barabara ya Ngong kule Beni, mama mmoja jirani aliniuliza kwa nini nalipa nauli kwenda kuona makaburi, kana kwamba Beni imepungukiwa. Ana haki ya kuuliza. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajakoma kwetu, na wengi wamezikwa kwa haraka, kaburi moja watu wengi. Nilimjibu hivi, na wewe nakuambia vile vile: nenda na daftari. Tazama wenzetu wanaandika nini kwenye jiwe, nani analipwa kukata nyasi, kitabu cha majina kinawekwa wapi, mgeni akifika anaonyeshwa na nani. Huko vita vimekwisha, na mtu amekaa chini akaandika. Kazi hiyo inaweza kuanzwa hata kwa peni ya shule, hata kabla vita havijaisha. Yule mama alinitajia majina manne jioni hiyo. Yako kwenye daftari langu, nyuma ya ratiba ya mechi.

Kurudi

Usinunue vitu vikubwa ukiwa umevaa jezi. Forodha hawatofautishi shabiki na mchuuzi. Nauli ya Kasindi hadi Butembo itenge mfuko wa peke yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu ushindi hula pesa kuliko kushindwa. Panga ufike Mpondwe asubuhi, si jioni baada ya basi kuchelewa Kasese. Ukivuka, saa inarudi nyuma: saa nne ya Uganda ni saa tatu kwetu, na saa hiyo moja uliyorudishiwa itumie kuupita Semliki jua likiwa bado juu.